Jasho la Nani Lihesabiwe?

Kila mwaka, maafisa wa afya katika majimbo ya Marekani huwapigia simu mamia ya maelfu ya watu wazima na kuwauliza habari za afya zao: wanavuta sigara, wanalala saa ngapi, presha wamepima lini. Katikati ya maswali hayo limo moja fupi. Ukiacha kazi yako ya kawaida, je, mwezi uliopita ulifanya mazoezi au shughuli yoyote ya mwili, kama kukimbia, mazoezi ya viungo, gofu, kutunza bustani, au kutembea kwa ajili ya mazoezi? Mtu hujibu ndiyo au hapana. Akisema hapana, anaingia kwenye safu ya wasiojishughulisha.

CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilijumlisha majibu ya mwaka 2017 hadi 2020 na kuyagawa kwa makundi. Walatino waliosema hapana walikuwa asilimia 32.1, Wamarekani weusi asilimia 30.0, wenyeji wa asili 29.1, wazungu 23.2, na wenye asili ya Asia 20.1. Ramani zikachorwa, majimbo yakapakwa rangi. Msomaji mwenye haraka alibaki na jambo moja kichwani: Walatino ndio wanaoongoza kwa kukaa kitako.

Sasa lirudie lile swali, hasa pale linapoanza. Fundi anayeezeka mapaa Texas, anayepanda ngazi na mabando ya vigae begani tangu jua halijachomoza, akifika nyumbani jioni hana haja ya kwenda kukimbia. Dada anayesafisha vyumba vya hoteli, anayeinua magodoro na kupiga magoti kusugua mabafu, naye hali kadhalika. Wakipigiwa simu watajibu hapana, na watakuwa wamesema kweli tupu. Wakili aliyekaa kwenye kiti mwezi mzima, ila Jumapili moja akacheza gofu huku akizungushwa uwanjani na kigari, atajibu ndiyo. Naye hajadanganya.

Kwamba hili si shaka ya maneno matupu lilionekana pale Marekani yenyewe ilipoamua kupima badala ya kuuliza. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na lishe wa 2003 na 2004, maelfu ya watu walivalishwa mkanda wenye akselerometa nyongani kwa siku saba. Ni kidude kidogo kinachorekodi kila mtikisiko wa mwili, dakika kwa dakika. Matokeo yalikuwa ya kutahayarisha. Kwa mdomo, karibu nusu ya watu wazima walikuwa wakidai kufikia kiwango kilichoshauriwa. Kwa kidude, hawakufika hata asilimia 5. Na wanaume wenye asili ya Mexico, wale ambao dodoso za muda wa mapumziko zilikuwa zikiwaweka mkiani, kwenye mkanda walionekana wakijongea kuliko wenzao wazungu. Kipimo kilipobadilika, pengo lenyewe liligeuka likatazama upande wa pili.

Kinachonishangaza ni kwamba taaluma hii haikuanzia kwenye viwanja vya gofu. Ilianzia kazini, tena kwenye mabasi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari Jeremy Morris wa London alikuwa akitafuta sababu ya ugonjwa wa moyo uliokuwa ukiwaangusha wanaume wa makamo. Akawaendea wafanyakazi wa shirika la usafiri la jiji hilo, wanaume wapatao 31,000 wenye umri kati ya miaka 35 na 64. Mabasi ya London yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kwenye usukani zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kukata tiketi, na watu wa Morris walipohesabu walikuta anakanyaga vidato kati ya 500 na 750 kwa siku. Wote wawili walikuwa wa tabaka moja, mwajiri wao mmoja na moshi wanaouvuta mmoja. Mwaka 1953 matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet: makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na walipougua, ugonjwa ulikuwa mwepesi zaidi.

Hapo watu wengi huishia wanaposimulia kisa hiki. Lakini uhodari wa Morris, kwa maoni yangu, uko kwenye kilichofuata. Alijiuliza: je, kama wanaume wanene ndio wanaopenda udereva tangu mwanzo? Shirika lilikuwa likiwashonea wafanyakazi sare, na vipimo vya sare vilihifadhiwa. Mwaka 1956 yeye na wenzake walitoa makala kuhusu viuno vya suruali. Suruali za madereva zilikuwa pana kuliko za makondakta katika kila rika, hata kwa vijana walioajiriwa karibuni. Maana yake sehemu ya pengo waliingia nalo mlangoni, kabla basi halijawasha injini. Tafiti zilizofuata zilizidi kuonyesha kwamba ngazi zina mchango wake, lakini Morris aliacha onyo ambalo wengi wanaochora jedwali la makundi mawili wanalipita: makundi hayo yalikwisha kutofautiana kabla hujafika na rula yako. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009, akiwa na miaka 99.

Shirika la Afya Duniani lilijaribu kuliziba tundu la namna hiyo. Dodoso lake la GPAQ, lililotungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kutumika katika tafiti za kitaifa za magonjwa yasiyoambukiza, Tanzania na Kenya zikiwemo, huuliza mafungu matatu: kazi, za nyumbani zikiwemo, safari za miguu na baiskeli, na michezo au mazoezi ya hiari. Kila dakika huzidishwa kwa namba iitwayo MET, yaani mwili unatumia nguvu mara ngapi kuliko ukiwa umetulia. Kazi ya wastani hupewa 4, ya nguvu hupewa 8. Anayefikisha 600 kwa wiki anahesabiwa kuwa ametosheleza.

Tuipige hesabu hiyo kwa watu wawili wa kufikirika. Wa kwanza ni ofisa wa benki anayetembea kwa haraka dakika 30 kila jioni, siku tano kwa wiki. Dakika 150 mara 4 ni 600. Amefika, kwa kugusa tu. Wa pili ni mama anayelima kwa jembe la mkono saa tatu kwa siku, siku tano, na kwenda kuchota maji dakika 40 kila siku. Jembe: dakika 900 mara 8, ni 7,200. Maji: dakika 280 mara 4, ni 1,120. Jumla 8,320, karibu mara kumi na nne ya kinachotakiwa. Kwenye ripoti hao wawili wanakaa safu moja, ile ya waliotosheleza, na hakuna atakayejua tena nani ni nani.

Ndiyo maana mwaka 2018, watafiti wa Shirika hilo walipokusanya tafiti 358 kutoka nchi 168, zenye watu milioni 1.9, Afrika Mashariki iling'ara. Uganda ilikuwa na watu wachache kuliko wote duniani waliokosa kufikia kiwango, asilimia 5.5. Kuwait ilikuwa na asilimia 67. Katika utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015, waliopungukiwa walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Magazeti ya Ulaya yaliandika kuwa Waganda ni mabingwa wa kushughulisha mwili. Sijui kama bibi anayeshuka bondeni na dumu tupu na kupanda nalo likiwa limejaa angeupokea ubingwa huo kwa vigelegele.

Na hata hizo dakika zake zimepatikanaje? Aliyewahi kufuatana na wadadisi wa utafiti wa kaya anajua mazungumzo haya yanavyokwenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu kigoda."

"Ahsante. Bibi, katika wiki ya kawaida, ni siku ngapi unafanya kazi ya nguvu, inayokufanya uheme, kwa angalau dakika kumi mfululizo?"

"Kazi gani tena? Kulima?"

"Ndiyo, kama kulima."

"Sasa hivi, au wakati wa masika?"

"Wiki ya kawaida, bibi."

"Haya. Naondoka alfajiri, jua likiwa kali narudi."

Mdadisi anainama kwenye kishikwambi. Alfajiri iwe saa 12, jua kali liwe saa 5. Anaandika dakika 300. Ndani ya dakika hizo bibi alitembea hadi shambani, akapalilia matuta mawili, akakaa chini ya mwembe kumlisha mjukuu, akapiga soga na jirani mpakani, akapalilia tena. Kishikwambi hakina nafasi ya mwembe. Na kama mdadisi angefika mwezi Septemba, mahali ambapo mashamba yamelala yakingoja mvua, bibi yuleyule angeweza kuonekana mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo ukilinganisha mkoa uliohojiwa wakati wa kupanda na mkoa uliohojiwa kiangazi, huenda unalinganisha mawingu.

Mtu atasema: basi, tuwavalishe mikanda wote, tumalize ubishi. Mkanda una upofu wake. Akselerometa ya nyongani huhisi mtikisiko, uzito haiuoni. Mama akienda kisimani na ndoo tupu na akirudi na lita 20 juu ya ngata, yaani kilo 20 na ushei, kidude kitaandika safari hizo kama mapacha. Akisimama kwenye kinu na kutwanga, mikono na mgongo vikifanya kazi yote, nyonga inatikisika kidogo tu na kidude kinadhani kapumzika. Msukuma mkokoteni akikanyagia kilima hatua ndogondogo, mishipa imemtoka shingoni, anaandikwa kuwa anatembea polepole. Kuendesha baiskeli nako hakuonekani sawasawa.

Hata hiyo namba ya MET ya kubeba mzigo ina kisa chake. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake. Waliwachukua wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, wakawapima hewa wanayotumia wakitembea na mizigo. Waliona kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama yoyote ya nguvu. Watafiti wengine waliolifuatilia jambo hilo Afrika Kusini baadaye hawakuliona kwa kila mwanamke, na ubishi haujaisha. Lakini fikiria jedwali lililotungwa kwa kuwapima watu wa maabara za ng'ambo, halafu likatumiwa kukadiria nguvu za mtu aliyebeba tangu ana miaka sita. Namba moja kwa wote ni rahisi kuchapa. Haina maana kwamba inawafaa wote.

Simu janja ndiyo imekuja na ahadi kubwa kuliko zote. Mwaka 2017 Tim Althoff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichambua hatua za watu 717,527 kutoka nchi 111. Badala ya kuangalia wastani wa nchi tu, walichukua kipimo cha Gini, kile cha wachumi cha kuonyesha mali imegawanyika vipi, wakakitumia kwa hatua. Nchi mbili zinaweza kuwa na wastani wa hatua unaokaribiana, lakini moja ina watu wanaotembea sawasawa na nyingine, kama Marekani, ina matajiri wa hatua na mafukara wa hatua. Pale pengo lilipokuwa kubwa, unene uliopindukia ulikuwa mwingi, na wanawake ndio walioachwa nyuma zaidi. Ni wazo zuri sana, na nalitetea. Ila data hizo zilitoka kwa watu wenye simu janja walioweka programu ya afya kwa hiari yao. Mwanamume huitia simu mfukoni na kwenda nayo kila hatua. Mwanamke aliyejifunga kanga anafanya kazi za jikoni na uani huku simu imeachwa kwenye chaji chumbani, au imo kwenye mkoba uliotundikwa msumarini. Sehemu ya pengo la wanawake na wanaume inaweza kuwa pengo la mifuko tu.

Kuna mtego mwingine, na huu hauna uhusiano na jembe wala simu. Tuseme tumekubaliana na namba zote za ule mkusanyo wa 2018. Duniani, wanawake waliopungukiwa walikuwa asilimia 31.7, wanaume 23.4. Pengo ni kiasi gani? Ukitoa, ni pointi 8.3. Ukigawanya, wanawake wamewazidi wanaume kwa zaidi ya theluthi moja. Ukigeuza kadi na kuhesabu waliotosheleza, ni asilimia 68.3 ya wanawake na 76.6 ya wanaume, na ukigawanya hapo, wanawake wako nyuma kwa kama asilimia 11 tu. Namba ni zilezile. Shirika linaloomba fedha za wafadhili litachagua theluthi. Waziri anayejibu swali bungeni atachagua 11. Na fikiria mradi ukifanikiwa kupunguza waliopungukiwa kwa nusu katika pande zote mbili: pengo la kutoa litakuwa limekatika nusu, pengo la kugawanya litakuwa halijasogea hata kidogo. Huyu atashangilia, yule atalia, wakisoma ukurasa mmoja. Mimi hutaka kuona yote mawili, na ripoti inayoonyesha moja tu huniwasha.

Tuje kwenye fundo lenyewe. Yote haya yanachukulia kwamba dakika ni dakika, kwamba kuhema ukipalilia na kuhema ukikimbia asubuhi ya Jumapili na vikundi vya jogging vya Temeke kunaufaa mwili sawasawa. Andreas Holtermann wa Denmark na wenzake wamelitia shaka hilo kwa miaka mingi. Mwaka 2018 walishirikiana na Pieter Coenen kujumlisha tafiti zenye watu karibu 194,000, wakakuta wanaume wenye kazi za sulubu walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 18 ile ya wanaume wenye kazi nyepesi. Kwa wanawake halikuonekana hivyo. Maelezo yao yanaingia akilini: kazi ya sulubu huenda saa nyingi bila kupumzika, moyo unapiga juu siku nzima, mgongo umepinda, na kesho unarudi ukiwa hujapona. Anayekimbia kwa hiari husimama akichoka. Hata hivyo mwaka 2021 utafiti mkubwa wa Norway ulikuta kinyume kwa wanaume, waliotumia mwili kazini waliishi zaidi, na wenye utafiti huo wanashuku kwamba kinachoua ni umaskini unaofuatana na sulubu. Ukiniuliza, pande zote mbili zinatufikisha mahali pamoja: kuzijumlisha dakika za kulazimika na dakika za kupenda katika namba moja ni kuficha kile hasa ambacho utafiti wa mapengo ulianzishwa kukifichua.

Kipimo cha kukaa nacho kina kasoro hiyohiyo. Wadatoga na Wairaqw wa karibu na Ziwa Eyasi wamewazoea wageni wanaokuja kuwapima jirani zao Wahadzabe, jamii ya wawindaji. David Raichlen na Herman Pontzer ni miongoni mwa wageni hao. Waliwakuta Wahadzabe wakishughulika kwa dakika kama 135 kwa siku, kiasi ambacho Mmarekani wa kawaida hakifikishi kwa wiki. Lakini mwaka 2020 walitoa hesabu ya upande wa pili: Wahadzabe hutulia kwa karibu saa 10 kwa siku wakiwa macho, sawa na watu wa mijini ng'ambo. Tofauti ni kwamba wanachuchumaa na kupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi. Dodoso la tabia bwete huuliza umekaa saa ngapi. Umekaaje, haliulizi.

Kwa Tanzania, utafiti ninaoupenda kuliko wote ni mdogo, na nguvu yake ni kwamba haukulinganisha kundi la kijijini na kundi la mjini hata kidogo. Mwaka 2010 Nigel Unwin na wenzake, Watanzania na Waingereza, walichapisha matokeo ya kuwafuata watu walewale waliohama kutoka Morogoro Vijijini kwenda Dar es Salaam. Waliwapima kabla hawajaondoka, kisha wakawatafuta mjini. Kati ya 209 walioanza, 132 walipatikana baada ya miezi 12. Hiyo peke yake ni kazi, ukizingatia mtu anavyohama chumba Dar. Hapa onyo la Morris linapata jibu lake, maana kila mmoja analinganishwa na nafsi yake ya mwaka jana. Wanaume wanaofanya shughuli za nguvu walishuka kutoka asilimia 79.4 hadi 26.5. Wanawake walishuka kutoka 37.8 hadi 15.6. Uzito ulipanda kwa zaidi ya kilo mbili, kwa wote.

Angalia vizuri hizo namba za wanawake. Shuka kwao ni pointi 22, kwa wanaume ni 53. Pengo kati yao lilikuwa pointi 41.6 kijijini; mjini likabaki 10.9. Ripoti inayotafuta usawa wa kijinsia ingeweza kuandika kwamba kuhamia Dar kumepunguza tofauti kati ya wanaume na wanawake kwa karibu robo tatu, na isingekosea hata desimali moja. Na si kila kitu kiliharibika: nyama nyekundu iliongezeka kwenye sahani, lakini matunda na mboga mbichi navyo viliongezeka, na lehemu ile njema ikapanda kwa wote. Watu waliacha jembe, wakanenepa kidogo, wakala matunda mengi zaidi. Kwenye safu mbili za GPAQ, habari yao yote ni kwamba baadhi walitoka ya kushoto wakaingia ya kulia.